Uhamisho Una Tarehe, Nyumba Haina Mnunuzi

Tangu tupate barua ya uhamisho kwenda Dodoma, wanunuzi wanaopanda Lushoto kutoka Mombo hutuuliza kwanza tunaondoka lini. Wakijua siku ni chache, wanataja nusu ya bei. Katekisimu (2409) inafundisha kwamba kupandisha bei kwa kutumia shida ya mwingine ni kinyume cha Amri ya Saba. Kuishusha kwa shida hiyohiyo, je? Abrahamu alimlipa Efroni shekeli 400 za fedha, bei aliyoitaja Efroni mwenyewe (Mwanzo 23). Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka nyumba ya ndoa iuzwe kwa ridhaa ya wote wawili. Sisi hatujaridhia. Tumemwomba mwajiri atuongezee muda hadi shule zifungwe, akikataa, tutapangisha. Ndugu msomaji, jirani yako akihamishwa, mpe bei ya haki.