Karo ya Mwaka wa Tatu
Amplifaya niliyompa mzee mmoja wa benga pale River Road ilikuwa mpya, ndogo, imeundwa kwa mkono na fundi mmoja tu huko Marekani. Niliinunua kwa karo ya mwaka wa tatu. Eeh, ndiyo maana sikumaliza chuo. Sauti yake safi, lakini kama mtu anayeogopa kukosea. Mzee akanipa Fender Twin Reverb ya miaka ya 70: spika mbili za inchi 12, nzito ajabu, na inataka volti 120 wakati stima yetu ni 240, kwa hivyo transfoma pia nikabeba. Makanga akanitoza viti viwili.

Nyumbani, valvu zilipopata moto, nikapiga uzi mmoja. Mama akatoka jikoni, akasikiliza.

"Karo yako imezeeka," akasema, akarudi kwa sufuria.