Goti la Mfungwa

Iko desturi moja mbaya ambayo sisi tuliopewa kazi ya kuutunza utamaduni tumeizoea mno, nayo ni kuuhukumu wimbo kabla ya kuusikia na kuilaani sinema kabla ya kuiona. Kosa hilo tulilitenda wenyewe hapa Mbamba Bay. Leo twalikiri mbele ya walimu na wanafunzi, kwani asiyekubali kusahihishwa hana haki ya kushika kalamu nyekundu.

Si mbali na ufuko, mahali wavuvi wanapoanika dagaa, palikuwa na banda la mabati ambalo vijana waliliita kibanda umiza. Jina hilo lalistahili, maana mtazamaji hukalia ubao mwembamba, akabanwa huku na huku, na hutoka akijinyoosha mgongo. Humo zilionyeshwa picha za mapigano. Wazee walinung'unika kwamba watoto walikimbia masomo, na kwamba jioni mchangani walikuwa wakirushiana mateke. Kisha siku moja mpwa wetu, kijana wa kidato cha pili, akarudi nyumbani na jino la mbele limevunjika. Dada yetu alitujia akilia. "Kaka," alisema, "wewe ndiwe mtu wa serikali. Lifunge banda lile kabla halijanimalizia mtoto."

Usiku ule ule tuliandika barua ya kupendekeza banda lifungwe. Asubuhi mpwa wetu alikuja kutuamkia. Alisimama mlangoni kitambo, halafu akauliza kwa adabu: "Mjomba, hiyo picha yenyewe umeiona?" Hatukuwa na jibu. Barua ikarudi mfukoni, na jioni tukaenda.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya tatu katika mfululizo uitwao Undisputed. Ile ya kwanza, ya mwaka 2002, ilihusu ndondi gerezani. Ya pili, ya mwaka 2006, ndiyo iliyomleta Yuri Boyka, mfungwa wa Kirusi anayeigizwa na Mwingereza Scott Adkins. Humo Boyka ni mtu wa majivuno, ajionaye kuwa hana mfano duniani katika kupigana. Mwisho wake mpinzani, bondia wa Kimarekani, anamvunja goti. Ya tatu, ya mwaka 2010, iliongozwa na Isaac Florentine, aliyeiongoza pia ya pili. Twamkuta bingwa wa jana akichechemea, kazi yake ni kusafisha uchafu wa gereza, na waliomshangilia hawamtazami tena.

Kando ya televisheni alikaa kijana mwenye kipaza sauti, akiwatia wahusika maneno ya Kiswahili. Sanaa hiyo ina wakongwe wake. Dar es Salaam jina la Lufufu lilivuma sana kwa kutafsiri hivyo. Mtafsiri wetu hakufuata neno kwa neno. Boyka aliposhika ufagio, kijana yule alimsemea: "Maji yakipwa, hata mtumbwi wa jumbe hulala matopeni." Banda zima likaguna kwa kuafiki, nasi tuliokwenda kutafuta makosa tukajikuta twaguna pamoja nao.

Hadithi yenyewe haikuwa ya mateke matupu. Wafungwa wa nchi mbalimbali wanakusanywa wapigane, na atakayeshinda ameahidiwa uhuru wake. Lakini nyuma ya ulingo wameketi matajiri wanaocheza kamari, na kwao mfungwa ni sawa na jogoo wa kupiganishwa. Mpiganaji wao kipenzi, Dolor, anapumzishwa na kulishwa vizuri, hali Boyka anapelekwa kuvunja mawe. Kumbe jasho lile la mawe ndilo linalomrudishia nguvu. Wanaoshindwa huuawa kwa siri. Boyka, ambaye hapo awali hakumpenda mtu, anamsaidia mfungwa Mmarekani aitwaye Turbo kutoroka, naye anabaki kulikabili pambano la mwisho kwa goti lile lile bovu. Adui anajua mahali pa kupiga, na hapo hapo ndipo anapopapiga.

Goti lilipopigwa, watoto walipiga kelele. Sisi tulifumba macho.

Hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo hatukulieleza hata kwa dada yetu. Mwaka 1986, tukiwa shule ya sekondari, tuliiona sinema ya Bruce Lee, yule mpiganaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1973. Siku ya pili yake tulitaka kuwaonyesha wenzetu teke tulilojifunza. Tulimwita rafiki mmoja, mtoto wa mvuvi, asimame tumwonyeshe. Teke lilimpata gotini. Hakumaliza mwaka ule shuleni, na hata leo anatembea kwa kuchechemea. Tulipoulizwa, tulisema ameanguka mwenyewe. Yeye hakutukanusha. Sisi tuliendelea na masomo, tukapata kazi, tukatunga mashairi yanayosifu uungwana. Yeye akarudi ziwani kwa baba yake. Miaka yote hiyo tulipompita ufukweni tulimsalimu haraka haraka, tukatazama pembeni.

Je, sinema ndiyo iliyolivunja goti lile? Ingekuwa nafuu kwetu kusema hivyo. Sinema ilituonyesha teke, lakini uongo tuliusema kwa ulimi wetu wenyewe.

Tukitoka bandani tuliwaza habari ya mganda, ngoma ambayo sisi watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa twajivunia kwamba ni yetu. Wanaume hupanga mistari, mavazi yao nadhifu, wakapiga hatua kwa pamoja. Asili yake ni gwaride. Mwezi Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, ambapo wakati huo paliitwa Sphinxhafen. Vita vile vilivyoletwa na wageni viliwachukua watu wetu kuwa askari na wapagazi. Vilipokwisha, hatua za kwata zikageuzwa ngoma ya kushindana bila kumwaga damu. Hali kadhalika, katika sinema ile yumo Mbrazili apiganaye kwa capoeira, mchezo uliozaliwa na Waafrika waliouzwa utumwani Brazili, ambao mapigano yake hufanana na ngoma. Huku kwata imekuwa ngoma, na kule ngoma imebeba mapigano.

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo hiyo aliwaonya pia wale ambao wangekataa kujifunza lolote kwa mataifa mengine. Wazee wetu wa mganda walikuwa wamekwisha kulielewa jambo hilo kabla halijahutubiwa. Kitu cha kigeni hakiwi chetu kwa kukiiga tu, wala hakitoweki kwa kukipiga marufuku. Huwa chetu tunapokitia maana yetu.

Barua tuliiandika upya. Tuliomba mwanafunzi asiingizwe bandani saa za masomo, na picha zisizofaa watoto zisionyeshwe kwao, kwa kuwa tangu mwaka 1976 nchi yetu ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza. Kwa walimu tuliomba zaidi: wawaulize vijana ni nani aliyefaidika kwa damu ya wale wafungwa, na kwa nini mvunja mawe alimshinda aliyelishwa. Kijana akiyajibu hayo, amejifunza habari ya unyonyaji na ya kazi kuliko tungeweza kumfundisha kwa hotuba.

Dada yetu hakuridhika. Alisema jino la mwanawe halitaota kwa maswali ya mwalimu. Alisema kweli, na hatukubishana naye.

Jumamosi iliyofuata tulishuka ufukweni mapema. Rafiki yetu alikuwa amekaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, akitengeneza wavu. Tulipiga goti mchangani tukamwambia yote, tangu teke hata uongo. Alinyamaza kwa muda mrefu, sindano ya wavu imesimama mkononi mwake. Kisha akatutupia upande wa pili wa wavu, akasema: "Shika hapo, ndugu yangu. Kaza."

Tuliushika mpaka jua likapanda.