Ndege anapobadili vazi

Mwenda bure si mkaa bure, walinena wahenga, huenda akaokota. Nilipofunga safari kwenda Kitale mwezi wa Novemba, mimi niliokota unyoya.

Ulikuwa mwekundu kama wino wa mwalimu, umelala kwenye kijia ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp. Msomaji asiyeifahamu mbuga hii aelewe kwamba ni ndogo mno, kiasi cha kilomita tatu za mraba tu, na hufikiwa kwa barabara iendayo Kapenguria. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu. Hapa mgeni hatembezwi kwa gari. Huzunguka kwa miguu, na ndiyo sababu huona hata kilichoanguka chini.

Unyoya ule ulikuwa wa ndege wa jamii ya kulukulu ambaye Wazungu humwita kwa jina la Ross. Mwili wake ni wa bluu iliyokolea, mdomo wa manjano, na mabawa yake hung'aa wekundu anaporuka. Mwaka 1869 mwanakemia Mwingereza, Arthur Church, alieleza kwamba wekundu huo una madini ya shaba, shaba ileile tunayoijua katika nyaya za umeme. Ndege huipata katika chakula chake. Unyoya unapoanguka, shaba huanguka nao, na ndege hana budi kuitafuta upya. Niliutazama, nikaurudisha nilipoutoa, maana mbugani hairuhusiwi kubeba kitu.

Je, kwa nini ndege aitupe mali kama hiyo?

Unyoya ukishakomaa huwa kitu kikavu kisicho na uhai, kama ukucha au nywele. Jua huuchakaza, matawi huukwaruza, na ukikatika haupoi. Kwa hiyo ndege wengi hubadili manyoya angalau mara moja kwa mwaka. Unyoya mpya huota katika kitundu kilekile cha ngozi, ukausukuma wa zamani utoke.

Kazi hii ni ghali. Wengi huifanya wakishamaliza kulea makinda, kwa kuwa kutaga na kuotesha manyoya kwa pamoja ni kama kupika vyungu viwili kwa kuni za kimoja. Ulaya, ndege hutambua majira kwa siku kurefuka na kufupika. Kwetu karibu na ikweta mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na kalenda kubwa ni mvua. Huku Trans Nzoia mvua huanza Machi au Aprili, ikaendelea hadi Oktoba. Ndiyo maana Novemba, mahindi yakivunwa, si ajabu kumwona ndege aliyelea wakati wa mvua akiwa amechakaa kama shati la kibarua.

Kila mmoja ana njia yake. Wengi huangusha manyoya ya bawa machache machache, moja la kulia na mwenzake wa kushoto, ili waendelee kuruka bila kuyumba. Bata bukini wa mabwawani huyaangusha yote ya mabawa karibu kwa wakati mmoja, wakakaa majuma kadhaa bila kuruka, wasithubutu kwenda mbali na maji. Mama wa aina fulani za hondohondo hufanya hivyo akiwa amejifungia ndani ya tundu la mti, mumewe akimlisha kupitia ufa mwembamba.

Jioni, mjini Kitale, niliwaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya. Wale watokao Ulaya hubadili manyoya ya mabawa wakiwa huku Afrika. Kwa hiyo mbayuwayu anayerudi Uingereza mwezi wa Aprili huruka kwa mabawa yaliyooteshwa na wadudu wa Afrika!

Kesho yake nilipita katika Jumba la Makumbusho la Kitale, ambalo chanzo chake ni mkusanyiko wa Kanali Hugh Stoneham wa miaka ya 1920. Ndege aliyekaushwa huvaa manyoya yaleyale miaka nenda miaka rudi. Kumbe asiyebadili vazi ni aliyekufa tu.

Nikiwa na wazo hilo, nilipanda matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na kutoka hapo nikaingia Bungoma kwa shangazi yangu. Nilimkuta uani, mikono kiunoni.

"Mulembe, shangazi."

"Mulembe, mwanangu. Kuku hawa wamenishinda. Tangu mwezi jana sijaona yai. Tazama shingo hizo! Mchuuzi amekuja na baiskeli yake, anataka kuwachukua wote saba kwa nusu ya bei. Na Januari mdogo wako anarudi shule."

Nilimwelewa. Kwa shangazi, yai ni daftari, ni sabuni, ni nauli. Tena nilikumbuka jinsi nyumbani, nikiwa mtoto, tulivyomchinja kuku wa namna hiyo tukidhani ni mgonjwa, tukamkuta mzima kabisa.

Tukamshika mmoja. Macho yake yalikuwa maangavu, na chini ya mabawa hapakuwa na chawa wala utitiri. Shingoni vilikuwa vimejitokeza vijiti vidogo vyeusi. Hayo ni manyoya machanga ambayo bado yana damu ndani. Yakivunjika hutoka damu, kwa hiyo kuku kama huyu ashikwe kwa upole. Kwa kawaida kuku huanza kupoteza manyoya kichwani na shingoni, kisha kifuani na mwilini, akamalizia na mabawa na mkia.

"Hawa wanabadili vazi, shangazi," nikamwambia. "Unyoya karibu wote ni protini, na yai nalo lataka protini. Kuku hawezi kulipa madeni yote mawili kwa pamoja."

Lakini wa saba alikuwa amejitenga, mabawa yamelegea, macho ameyafumba, anaharisha. Huyo hakuwa akibadili vazi. Tulimtenga papo hapo, akaitwa daktari wa mifugo. Tofauti hiyo ndiyo mfugaji anayopaswa kuijua kabla ya kushika kisu.

"Na hawa sita watachukua muda gani?"

"Miezi miwili, pengine hata minne. Uwape omena na mchwa."

Shangazi akahesabu kwa vidole, Desemba, Januari, Februari. Hakufurahi. "Shule haingoji manyoya," akasema.

Mchuuzi aliporudi na tenga lake, shangazi alimtolea majogoo wawili waliong'aa, kila unyoya mahali pake. Wakauzwa kwa bei nzuri. Mitetea sita wakabaki uani wakichakura, vifua wazi.

Usiku ukaingia. Msomaji anayeijua Bungoma anafahamu kwamba mgeni kulala bila kuonja kuku ni jambo la aibu kwa mwenyeji, nami, sitaki kudanganya, nilikuwa nimejiandaa. Shangazi akaweka mezani ugali na mboga za kienyeji, akacheka.

"Usinilaumu, mwanangu. Jogoo wako amekwenda shule."