Umeme wa Nyumbani, Sehemu ya 3: Nilimsingizia Dada

Mama mwenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, iliisha nikarudi zamu za usiku hapa Geita. Mtoto nikamwacha na dada wa kazi, maziwa nakamua naweka kwenye friji. Mwezi ule LUKU ikawa inaisha kila baada ya siku chache. Nikajua tu ni tivii. Dada si anaangalia tamthilia kutwa nzima! Nikamsema mbele ya watoto, na mwisho wa mwezi nikamkata elfu kumi.

Baadaye fundi aliyekuja kubadilisha soketi akanionyesha kitu. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kikimweka mara 1000, uniti moja imeondoka. (Yako inaweza kuwa na namba nyingine, isome kwanza.) Mita huigusi. Unazima kila kitu ndani, unawasha kimoja, unahesabu dakika moja. Sisi manesi tunahesabu mapigo ya moyo kila siku, hapo nikajiona mtaalamu.

Pasi, 17. Jagi la kuchemshia maji, 30, ila lenyewe dakika 5 limemaliza. Tivii, 1. Moja tu jamani! Hata iwake masaa 8, ni kama nusu uniti.

Friji huwezi kulipima kwa dakika moja, maana mota inawaka na kujizima. Siku niliyokuwa ofu nilizima vingine vyote, nikasoma uniti saa 4 usiku, nikasoma tena saa 12 asubuhi. Karibu uniti 1 imeondoka na sisi tumelala. Kwa siku ni 3, kwa mwezi 90! Na ile bei nafuu ya TANESCO ya matumizi madogo mwisho wake uniti 75 kwa mwezi. Friji peke yake lilishanitoa humo.

Ni la mtumba, nilinunua Kahama. Jaribu na la kwako: bana noti kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka, baridi inavuja, mota haipumziki. Kwangu noti ilidondoka yenyewe. Nikaweka mpira mpya, nikalisogeza mbali kidogo na ukuta, sasa usiku linakula nusu uniti.

Ila usizime friji usiku eti kubana matumizi, kama ndani kuna maziwa ya mtoto au insulini ya bibi. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8, mchana na usiku.

Dada nilimrudishia elfu kumi yake nikamwomba msamaha. Akajibu, "Haya mama." Mpaka leo, kabla hajawasha tivii, ananiangalia kwanza usoni.