Nani anasema hapa?

Najua nimepotea. Mmoja wenu aliniandikia kuuliza kama nimeoa kimyakimya, mwingine akauliza kama nimeacha kazi. Hapana jamani. Nilikuwa najifunza kusoma.

Msicheke. Shahada ninayo, mkate wangu unatokana na kalamu, na kila asubuhi kuna Watanzania wanaotoa fedha mfukoni kununua gazeti lenye jina langu ndani. Lakini tangu Januari nimekuwa nakaa na karatasi usiku kama mtoto wa darasa la pili, kidole juu ya mstari.

Chanzo ni LSAT. Kwa wasioufahamu, huu ni mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, na vingi vya Kanada. Kule mtu hatoki sekondari akaenda kusoma sheria moja kwa moja kama tunavyofanya hapa. Anamaliza kwanza shahada yoyote, iwe ya kilimo au ya uandishi wa habari kama yangu, halafu ndipo anaomba miaka 3 ya sheria. Mtihani wenyewe ulianza mwaka 1948, alama zake zinaanzia 120 na kuishia 180, na ada yake inazidi dola 200, kwa hiyo si kitu cha kwenda kujaribia bahati. Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari za kesi za watu. Nimefika mahali nataka kuvuka niende upande wa pili wa meza.

Nilidhani utakuwa mtihani wa kukariri sheria. Wapi! Hakuna sheria hata moja ya kukariri. Kuna maswali ya hoja, na kuna ufahamu. Ufahamu, kama ule wa kidato cha pili! Nikajisemea moyoni, hapa nimefika. Mtu anayesoma na kuandika kwa mshahara atashindwaje ufahamu?

Sehemu hiyo ina dakika 35, vifungu 4 vya habari na maswali kama 27. Ukigawa, kila kifungu kina dakika zisizofika 9, kusoma na kujibu humohumo. Kimoja ni cha sheria, kingine sayansi, kingine mambo ya jamii, kingine sanaa au fasihi. Tangu Juni 2007 nafasi moja kati ya hizo hukaliwa na vifungu viwili vifupi vya waandishi tofauti, nawe unatakiwa useme wanakubaliana wapi na wanaachana wapi. Mwaka 2024 waliondoa ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu kwenye viti, ambayo wenzangu wa hesabu waliitegemea. Sasa ufahamu peke yake ni karibu theluthi ya alama zote. Hakuna pa kujificha.

Usiku wa kwanza nilijipima kwa mtihani wa zamani, simu ikihesabu dakika. Nilipata 11 kati ya 27. Kila swali lina majibu matano ya kuchagua, na kukosea hakupunguzi alama, kwa hiyo mtu anayebahatisha macho yamefumbwa angepata kama 5. Yaani elimu yangu yote, kuanzia chekechea, ilikuwa imenizidishia maswali 6.

Nikafanya alichofanya kila mtu niliyemuuliza. Nikasema tatizo ni kasi, nikaanza kujizoeza kukimbiza macho. Nikasema tatizo ni msamiati, nikanunua daftari na kujaza maneno magumu ya Kiingereza mpaka likaisha. Mwezi mzima ukapita. Nikajipima tena: 12.

Hapo nilikata tamaa kidogo, nikaacha kufanya mitihani mipya na kuanza kukaa na makosa yangu. Nilichukua kila swali nililokosa, nikalilinganisha na kifungu bila saa. Siku ya tatu nikaona kitu kilichonifanya niweke kalamu chini. Maneno niliyajua, na kwa sehemu kubwa kifungu nilikielewa. Nilichokuwa nakosea ni mwenye kusema. Mwandishi anaanza kwa kueleza, tena kwa ustadi na kwa haki, wanavyoamini watu asiokubaliana nao. Anawapa aya nzima, pengine mbili, na mimi nabeba maneno yale kama maoni yake. Swali likiuliza mwandishi ana msimamo gani, najibu kwa ujasiri kabisa msimamo wa mpinzani wake.

Nikamkumbuka mzee.

Mambo haya sijawahi kuyaandika. Mwaka 2023 nilipangiwa hukumu ya kesi ya ardhi hapa mjini. Mzee mmoja alikuwa anadai kiwanja chake, upande wa pili ukidai kuwa barua yake ya mauziano ni ya kughushi. Mzee alishindwa. Nakala ya hukumu niliipata karibu saa 10 jioni, kurasa 31, Kiingereza kitupu, na mhariri alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaruka, nikatua ukurasa wa 19. Pale palikuwa na lugha kali: barua ina muhuri usiolingana na wa ofisi husika, sahihi haifanani, huu ni ulaghai wa wazi. Nikaunganisha na matokeo. Mzee kashindwa, barua ya kughushi, stori imekamilika. Kesho yake kichwa cha habari kikasema Mahakama imebaini mzee alighushi.

Mahakama haikubaini hivyo. Ukurasa wa 19 jaji alikuwa anasimulia alichosema wakili wa upande wa pili. Mwanzo wa aya ile, kwenye mstari niliouruka, aliandika kwamba wakili alieleza kuwa, kisha aya mbili zikafuata bila kurudia kumtaja wakili. Na ukurasa wa 28 jaji akasema shauri limeletwa nje ya muda, kwa kuwa sheria yetu inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na kwa hiyo haoni sababu ya kuamua kuhusu madai ya kughushi. Basi. Hakuamua.

Siku ya tatu mzee alikuja ofisini na mjukuu wake, gazeti limekunjwa kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulisoma mpaka mwisho?" Mjukuu ndiye aliyeniambia kwamba kijiweni kwao babu yake ameshapewa jina: Mzee Muhuri.

Tulichapa masahihisho. Mistari sita, ukurasa wa ndani. Jina la Mzee Muhuri halikusahihishwa na mtu.

Kwa miaka yote hiyo nilijiambia ilikuwa haraka. Saa 10 jioni, mhariri, foleni, mnajua. LSAT imeninyang'anya kisingizio hicho, maana nimekaa chumbani kwangu bila mhariri, bila saa, nikarudia kosa lilelile mara saba katika mtihani mmoja.

Nimejiuliza nililipata wapi. Sehemu moja ni shule. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza nikakuta kila kitu Kiingereza. Ufahamu wa Kiingereza tuliufanya kwa ujanja: unatafuta neno la kwenye swali, unalikuta kwenye kifungu, unanakili sentensi nzima, unapata vema. Niliwahi kupata 9 kati ya 10 kwenye habari ambayo mpaka leo sijui ilihusu nini! Chuoni tukaishi kwa desa. Nani alisoma kitabu kizima? Nyinyi mliokuwa nami mnajua, tusitajane majina.

Sehemu ya pili ni kazi. Sisi tunafundishwa piramidi iliyopinduliwa, jambo kubwa juu, vidogo chini, ili mhariri akikosa nafasi akate mkia. Ukiandika hivyo kila siku, unaanza kusoma hivyo pia. Macho yanataka jambo kubwa liwe juu, na yakishapata kauli yenye moto yanaridhika. Hukumu haiandikwi hivyo. Jaji anasikiliza upande huu, anasikiliza upande ule, anageuza geuza, ndipo anasema lake. Vifungu vya LSAT navyo ni ndugu wa hukumu, mara nyingi la mwandishi liko katikati au karibu na mwisho, nyuma ya "hata hivyo" moja ndogo.

Haya, nikabadilisha nini? Nilizima saa kwa wiki sita. Kila nikimaliza aya nasimama, naandika pembeni kwa penseli, kwa Kiswahili, mwandishi anafanya nini. Angalieni, siandiki anasema nini, naandika anafanya nini. Anasimulia ya wengine. Anaanza kuwapinga. Anawakubalia nusu. Anatoa mfano. Hapa ndipo alipo mwenyewe. Mwanzoni kifungu kimoja kilinichukua dakika 25 na nilijiona mjinga kweli.

Kiswahili ndicho kilichonisaidia kuliko lile daftari la msamiati. Kwa Kiingereza naweza kujidanganya. Naweza kurudia sentensi ya mwandishi kwa maneno yake na kujiona nimeelewa, kumbe nimebeba sauti tu. Nikijaribu kuisema kama ningemweleza mama jikoni, ama inatoka au haitoki. Isipotoka, sijaelewa, na hakuna wa kumdanganya.

La pili, najibu swali kichwani kabla sijaangalia majibu matano. Yale majibu ya uongo hayatungwi ovyo, jamani, wale watu wanatujua. Utakuta jibu ambalo ni kweli kabisa duniani, ila mwandishi hakulisema. Lingine limetumia maneno yaleyale ya kifungu, ila mwandishi kasema "baadhi", lenyewe linasema "wengi". Na lile linalonimaliza mimi ni sahihi neno kwa neno, ila ni maoni ya mpinzani. Ukiingia humo bila jibu lako mkononi, utachukua lenye sura nzuri.

Hili la "baadhi" na "wengi" limeanza kunisumbua kazini. Wiki iliyopita niliandika kwamba bei ya bidhaa fulani huenda ikapanda. Ilipotoka gazetini "huenda" haikuwepo. Vichwa vyetu vya habari vinaila "huenda" kama mchwa. Nilimfuata mhariri, akanitazama kama mtu aliyerudi na dini mpya.

Mazoezi mengine nayafanya ndani ya mwendokasi. Hukumu nyingi za mahakama zetu ziko wazi kwenye TanzLII, bure. Nasoma moja kwa siku kwenye simu, nikiuliza kila aya: nani anasema hapa? Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu ninazozikuta nyingi bado ni Kiingereza, na kwa mazoezi yangu sijalalamika.

Kasi imerudi yenyewe, polepole. Sasa kifungu kinanichukua dakika 9 na kitu. Mara ya mwisho nilipata 20 kati ya 27, kabla yake 22, na kabla yake 17 kwa sababu ya kifungu kimoja cha uhakiki wa ushairi ambacho sitaki kukizungumzia. Mtihani ni baada ya miezi miwili. Vyuo ninavyovitaka vinahitaji zaidi ya hapo.

Jumamosi nilifanya jambo nililoliahirisha muda mrefu. Nilichapa ile hukumu upya, nikaisoma yote, kurasa 31, penseli mkononi, nikaandika Kiswahili pembeni ya kila aya. Kisha nikapiga simu kwa mjukuu, nikapanda daladala kwenda kwa mzee.

Alinikaribisha barazani, akaagiza chai. Nikamsomea maelezo yangu ya pembeni moja baada ya jingine: hapa jaji anaeleza madai yako, hapa anamsimulia wakili wao, hapa bado ni wakili, hapa sasa ni jaji mwenyewe. Alisikiliza kichwa chini. Tulipomaliza ukurasa wa 28 aliniuliza, "Kwa hiyo jaji hakusema nimeghushi?"

"Hakusema, mzee."

"Na hakusema sikughushi."

Nikatazama penseli yangu pembeni. "Hakusema hilo pia, mzee."

Alikaa kimya muda. Mjukuu akaja kuchukua vikombe, akakuta chai haijaguswa, akarudi ndani.

"Rudi hapo wakili anapoishia," mzee akasema. "Soma tena, polepole."