Usukani wa Marehemu Ndugu Yetu

Twapenda kuwaelezeni kosa tulilolitenda kwa mikono yetu wenyewe, hali hakuna aliyetulazimisha.

Marehemu ndugu yetu aliacha gari, Volkswagen ya mwaka 1965, ile ya mgongo wa kobe yenye injini nyuma. Ni mali ya watoto wake wanne, nasi tulikuwa waangalizi tu mpaka ipatikane bei ya haki. Mnunuzi akaahidi kuja Ijumaa baada ya sala. Tulipoketi mbele ya usukani tukaona haya: ile nusu duara ya kupigia honi, ambayo asili yake humetameta kama kioo, ilikuwa imefifia na kutapakaa vitone vya kutu mfano wa punje za mtama.

Sisi ni watu wa chuoni. Kwa mambo ya kung'arisha, tulijua birika la shaba basi. Tukatwaa msasa, tukausugua upande wa kulia kwa bidii kubwa. Binti mkubwa wa marehemu akachungulia dirishani, akauliza, "Ami, mbona hapa pamegeuka manjano?"

Manjano yale yalikuwa nikeli. Fundi mmoja mzee alitufahamisha, pasipo kutucheka (tulistahili kuchekwa), kuwa kromu ni ngozi nyembamba mno iliyopakwa juu ya nikeli, na ikiisha kuondoka hairudi kwa kusugua, illa kwa kupakwa upya. Msasa ni wa usukani wenye mikono ya alumini tupu, kama ule wa Jaguar E-Type za mwanzo, za mwaka 1961; huko huanzwa na msasa laini, kisha ulio laini zaidi, kisha dawa ya kung'arishia. Wala alumini haioshwi kwa magadi. Akina mama wajua yanavyoitia weusi sufuria.

Upande wa kushoto tukafuata maneno yake. Tuliuosha kwa maji na sabuni, tukakunja karatasi ya alumini ya kufungia chakula, tukailowesha na kusugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, na kutu ikatoka ikiwa uji mweusi. Tukafuta, tukakausha, tukapaka nta. Vishimo vilibaki, lakini uso ulionekana ndani yake.

Mnunuzi alipokuja alipitisha kidole kushoto, akapitisha kulia, akapunguza bei kwa kadiri ya gharama ya kupaka kromu upya. Mke wa marehemu alisema, "Shemeji, yaache, ulikusudia wema." Hatukuweza kuyaacha, fedha ile iliyopungua ilikuwa ya watoto, wala hawakutuagiza kushika msasa. Tuliilipa kwa mafungu matatu, la mwisho tukamkabidhi yule binti, naye akalihesabu mbele yetu noti kwa noti.