Kelele za Jagwa na maneno ya shangazi

Niwe mkweli tangu mwanzo: mara ya kwanza kuisikiliza albamu hii nilidhani spika za masikioni zimekufa. Nilikuwa ndani ya basi, tumeshaiacha Dodoma, naelekea nyumbani Unyambwa. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikachomeka tena. Kelele ni zile zile! Kinanda kinalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, ngoma zinakimbizana, na juu yake kijana anaimba kama mtu anayegombea nafasi kwenye daladala. Jirani yangu kwenye kiti akanitazama kwa huruma.

Albamu yenyewe inaitwa Bongo Hotheads, ya kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam. Mpiga picha mmoja wa gazetini kwetu ndiye aliyeniwekea kwenye simu, akaniambia, "Dogo, sikiliza hii halafu uache kujifanya unajua muziki." Ilitoka mwaka 2012, na walioitoa ni Crammed Discs, lebo ya Brussels, Ubelgiji. Hebu fikiria: mchiriku wa uswahilini Dar unapanda ndege hadi Ulaya na kuuzwa huko, wakati mimi niliyesoma chuo kikuu hapa hapa nchini nimemaliza shahada bila kuusikia!

Kwa wasioujua, mchiriku ni muziki wa mitaa ya Dar ulioshika kasi miaka ya 1990. Zana zake ni ngoma, kinanda kidogo cha Casio ambacho mtoto wa kizungu angepewa kuchezea, na spika za honi kama zile za mikutano ya hadhara. Kinanda kikipitishwa kwenye vyombo hivyo vilivyochoka, sauti inapasuka, na huo mpasuko ndio utamu wenyewe. Mwimbaji wa Jagwa kwenye albamu hii, Jackson Kazimoto, anaimba maisha ya mjini: mapenzi yanayovunjika na riziki isiyotosha. Wakubwa waliuita muziki wa wahuni. Leo vijana wanaocheza singeli wanacheza mtoto wa mchiriku, hata kama baba yake hawamjui.

Wazungu waliouandika muziki huu waliufananisha na punk, ule muziki wa gitaa na makelele wa kina Ramones. Nilikuwa nimeshaisikia albamu ya kwanza ya Ramones tukiwa chuo, ya mwaka 1976: nyimbo 14, hazifiki nusu saa, wameirekodi kwa takriban wiki moja na kwa dola kama 6,400 tu. Mfanano naukubali, ila si wote. Ramones wangeweza kuipamba kazi yao kama wengine wa zama zao, wakakataa. Vijana wa mchiriku hawakukaa kikao wakaamua kuwa wachafu wa sauti. Walichukua kilichopo. Kinanda kibovu ndicho walichokuwa nacho, na harusi iko kesho. Ninachowasifu waliorekodi Bongo Hotheads ni kwamba hawakuwasafisha. Wamewaacha na mpasuko wao.

Sasa kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu ya shangazi yangu.

Nilifika Unyambwa nikamkuta uwanjani anapura alizeti. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuacha kupiga. Baadaye akaingia ndani, akatoka na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Nilikitambua. Ilikuwa habari yangu ya mwaka uliopita kuhusu bei ya alizeti, na yeye ndiye nilimhoji. Siku ile aliniambia maneno ambayo bado ninayo kwenye daftari: "Nimevuna gunia saba, nimerudi nyumbani na deni la gunia nane." Unajua mimi niliandika nini? Niliandika kwamba mkulima huyo alieleza kuwa hali ya soko haikuwa ya kuridhisha, na akaiomba serikali iingilie kati.

"Soma hapa," akasema. Nikasoma. Akaniuliza, "Baba, mimi niliiomba serikali lini?"

Sikuwa na jibu. Ningependa kumsingizia mhariri, lakini maneno yale niliyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla mhariri hajayaona. Ndivyo tulivyozoea. Mkulima wetu "anaeleza", mama lishe "anabainisha", dereva wa bodaboda "anatoa wito". Wote wanaongea kama katibu wa mkutano. Nilidhani namheshimu shangazi kwa kumvalisha suti. Kumbe nilikuwa nimemnyamazisha, na yeye alikitunza kile kipande mwaka mzima akisubiri nije anieleweshe nani yule anayeongea kwa jina lake.

Nikaenda kumsaidia kupura, ndiyo toba pekee niliyoiweza saa ile. Nikaiweka simu juu ya jiwe (mawe Singida hayajawahi kutuishia) nikafungulia Jagwa. Shangazi akasema, "Zima hilo, utamaliza chaji." Nikabadilisha, nikaweka bongo fleva laini, iliyonyooka. Tukapiga fimbo kama dakika kumi hivi. Upepo unapeperusha makapi, vumbi linatuingia machoni.

"Yule wa kelele," akasema, "mrudishe."

Nikamrudisha. Sikumuuliza sababu, nilichoka kuwawekea watu maneno mdomoni. Ila niliona fimbo yake imeongeza mwendo.

Usiku ule nilifungua daftari la mwaka jana nikasoma upya watu wote niliowahoji. Wanaume kwa wanawake, maneno yao yanawaka moto, na karibu yote niliyazima kabla hayajafika kiwandani. Msinielewe vibaya, sisemi mwandishi asipange sentensi. Mchiriku nao umepangwa. Jaribu kupiga ngoma kwa kasi ile bila kumkanyaga mwenzako uone. Ninachosema ni kwamba kuna usafi unaofuta mtu, na mimi nimekuwa nikilipwa kuufanya.

Nimeandika habari nyingine ya alizeti kutoka hapa Unyambwa. Safari hii shangazi anaongea aya nzima, kwa mdomo wake. Nimeituma jana. Mhariri amenijibu kwa swali moja: "Huyu mama hana maoni kwa serikali?"

Nimemjibu hana. Tusubiri.